Siku Mashine ya Nne Ilipofunguliwa Mdomo

"Programu yangu mimi," alisema Bingwa, "haijawahi kunificha kitu tangu izaliwe. Ikikohoa, nasikia. Ikitaka kupiga chafya, naipa pole kabla haijafungua mdomo."

Alisema hayo asubuhi, saa mbili na robo, amesimama katikati ya chumba cha mashine, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kikombe cha chai, kifua mbele kama jogoo aliyepandishwa cheo. Aliyekuwa akiambiwa ni shangazi yake, mwenye nyumba hiyo ya kutotolesha vifaranga. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake kupokea simu za wateja. Ilipofika saa nane na dakika tano mchana, joto la mashine ya nne likaporomoka nyuzi moja na nusu, likakaa huko chini dakika kumi na mbili, kisha likapanda lenyewe. Programu haikukohoa. Haikupiga chafya. Ilinyamaza kama mgeni aliyevunja glasi.

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe akiwa kidato cha pili, na watu wakalikubali kwa kuchoka tu. Lakini tusimwonee, kazi alikuwa anaijua. Nyumba ya shangazi ilikuwa na mashine nne, kila moja ndefu kama kabati la nguo, na ndani ya kila kabati mayai elfu tatu yamepangwa trei juu ya trei. Mayai ni watu wa kudeka. Yanataka nyuzi thelathini na saba na nusu, usiku na mchana, kwa siku ishirini na moja. Yanataka unyevu wake. Yanataka trei ziinamishwe upande huu, na baada ya saa moja upande ule. Zamani haya yote yalifanywa kwa mkono na kwa kukosa usingizi. Sasa yalifanywa na kompyuta ndogo kuliko kisahani cha kikombe, imepigiliwa ukutani, na ndani yake programu aliyoiandika Bingwa kwa miezi mitano, akila kwa shangazi na kulala kwa shangazi.

Aliyeona joto linashuka hakuwa Bingwa. Alikuwa Bi Tochi.

Bi Tochi alikuwa msimamizi wa chumba kwa miaka kumi na miwili. Jina lilitokana na kazi yake ya kupima mayai: anazima taa, anaweka tochi chini ya yai, anatazama mishipa ndani, na kabla hujamaliza kuvuta pumzi ameshakwambia hili lina kifaranga, hili ni bure, hili limekufa juzi. Ndani ya kila mashine, nyuma ya kioo cha mlango, alitundika kipimajoto cha zebaki, na kila nusu saa alipita akivichungulia vyote vinne kama mwalimu wa zamu.

"Bwana mkubwa," alimwambia Bingwa siku hiyo, "ya nne imeshuka."

Bingwa akatazama skrini yake. Namba zote zilikuwa za kijani. "Imeshuka wapi, Bi Tochi? Thelathini na saba na nusu hiyo hapo, imetulia kama imepigwa picha."

"Sasa hivi imerudi. Saa nane na kitu ilikuwa thelathini na sita."

"Hicho kipimajoto chako kimezeeka."

"Mimi pia nimezeeka, mwanangu, na bado najua sufuria ya moto na sufuria ya baridi."

Bingwa akacheka, akaahidi kumnunulia kipimajoto kipya siku ya kuzaliwa, ingawa siku yenyewe hakuijua. Kesho yake, saa nane na dakika chache, joto likashuka tena. Kesho kutwa, tena. Siku hiyo ya tatu Bi Tochi hakumwendea Bingwa. Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi, na shangazi akaingia chumbani akifuta mikono kwenye kanga, na uso wa mtu asiyetaka hadithi.

"Siku tatu mfululizo," alisema. "Mayai ya ya nne yako siku ya kumi na sita. Vifaranga wenyewe nimeshawaahidi wale akina mama wa kikundi cha ufugaji, wameshajenga mabanda, wameshanunua vyombo vya maji. Bingwa, nini hiki?"

Hapa ndipo Bingwa alipofanya jambo ambalo baadaye lilimnyima raha ya chakula. Angeweza kusema "sijui." Ni neno dogo tu, halina hata ushuru. Lakini programu ile ilikuwa mwanawe, na mzazi akiambiwa mwanawe kaiba maembe, kwanza anamtazama mtoto wa jirani.

"Shangazi, programu iko sawa," alisema. "Joto la kabati zima likishuka ghafla na kurudi, huo ni mlango. Kuna mtu anafungua mlango na kuusahau wazi."

Neno lilipotoka, akalisikia lilivyotua. Katika chumba kile, "mtu" alikuwa mmoja tu.

Shangazi akamgeukia polepole Bi Tochi, aliyesimama mlangoni. "Dada?"

"Mlango nafungua nikipima," alisema Bi Tochi. "Dakika moja. Kama nilivyofungua miaka yote."

"Labda siku hizi dakika yako imekuwa ndefu. Sisi sote tunakwenda umri, si wewe peke yako. Kesho nenda ukanisaidie kuosha trei kule nyuma. Tuone joto litafanya nini bila mtu kugusa mlango. Likitulia, basi itabidi tukutafutie kazi ya kukaa, dada yangu. Chumba hiki kinahitaji macho."

Kumwambia Bi Tochi kwamba chumba kinahitaji macho ni sawa na kumwambia mshona nguo kwamba hajui tundu la sindano. Alikunja miwani yake, akaitia mfukoni, akaanza kupanga tochi zake kwenye droo, ile kubwa, ile ndogo, na ile ya akiba, kama anayefunga safari.

"Na wewe," shangazi akamgeukia Bingwa, "hiyo programu yako inayokohoa, ikohoe sasa. Nataka kuona kwa maandishi joto lilishuka saa ngapi na kwa nini."

"Hilo tu?" akasema Bingwa. "Dakika tano."

Shangazi alipotoka, Bingwa akavuta kiti na kufungua logi. Logi ni kidaftari ambacho programu hujiandikia yenyewe: nimefanya hiki, nimeona kile, hapa nimekwama. Bingwa alikuwa ameifundisha yake iandike Kiswahili safi, tena chenye adabu, kwa sababu alipenda kusifiwa hata na mashine. Akatafuta mstari wa mwisho. Ulikuwa wa mwezi mmoja uliopita, na ulisema: *Nimeamka. Habari za asubuhi, Bingwa.* Baada ya hapo, hakuna kitu. Ukurasa mweupe, kama kichwa cha mwanafunzi mbele ya mtihani.

Akakumbuka. Mwanzoni programu ilikuwa inaandika mno, hata nyuzi zikisogea kidogo inaandika, mpaka siku moja nafasi ya kuhifadhia ikajaa na kompyuta ikazimia. Bingwa akakasirika, akaingia kwenye faili la mipangilio, na mahali palipoandikwa *kiwango cha logi* akaweka neno moja: UKIMYA. Maana yake, usiandike chochote mpaka mambo yaharibike kwa dakika ishirini. Na joto la mashine ya nne lilikuwa linashuka kwa dakika kumi na mbili tu. Kumbe programu ilikuwa inaona kila kitu. Yeye ndiye aliyeiziba mdomo, halafu akazunguka mtaani akisema haimfichi siri.

Dawa rahisi ilikuwa kubadilisha neno lile, kuzima programu na kuiwasha upya. Lakini hapo palikuwa na aibu nyingine, ambayo Bingwa alikuwa hajamwambia mtu. Hesabu ya siku za mayai aliiweka kichwani mwa programu tu, hakuihifadhi popote. Ukiizima na kuiwasha, inaamka ikidhani kila yai duniani lina umri wa siku moja. Mashine ya kwanza, iliyobakiza siku mbili vifaranga watoboe, na ambayo trei zake hazitakiwi tena kuguswa, ingeanza kuinamishwa upya kama ya mayai mapya, na vifaranga wangejikuta wanabembea wakati wanatafuta mlango. Kwa hiyo kuzima hapana. Ilibidi abadilishe mipangilio programu ikiwa kazini.

"Ni kama kumbadilisha mtoto nepi bila kumwamsha," alijisemea, na akajipenda kwa kulifikiria hilo.

Bahati nzuri, njia ilikuwepo. Bingwa alikuwa ameiandika programu iwe inachungulia faili la mipangilio kila dakika moja. Ikikuta neno limebadilika, inalifuata palepale, bila kusimama. Akafungua faili, akafuta UKIMYA, na kwa kuwa alikuwa na haraka na shangazi alikuwa na hasira, akaandika YOTE. Akahifadhi. Akakunja mikono, akasubiri dakika moja.

Ikaongea.

Mama yangu, iliongea! Mistari ilimiminika kwenye skrini kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Joto la mashine ya kwanza, joto la pili, unyevu wa tatu, feni imezunguka, feni bado inazunguka, feni, mpendwa Bingwa, inaendelea kuzunguka. Mara kumi kwa kila sekunde, kwa mashine zote nne. Bingwa akajaribu kusoma, akawa kama mtu anayejaribu kunywa maji ya bomba la zima moto. Kompyuta ndogo ukutani ikaanza kupata joto. Na kwa kuwa ilikuwa inaandika bila kupumua, haikuwa na nafasi ya kufanya kazi.

"We Bingwa!" Sauti ya Bi Tochi, aliyekuwa bado anapanga droo. "Trei za ya pili zimesimama katikati! Zimeinama kama zinasikiliza umbea!"

"Nimeziona!"

"Sasa ziambie zimalize kusikiliza!"

Jasho likamtoka. Alitaka kurudisha UKIMYA, kidole kikawa tayari juu ya herufi, lakini akakumbuka uso wa shangazi. Kisha akakumbuka kitu alichokiandika mwenyewe na kukisahau: kiwango cha logi hakikuwa lazima kiwe kimoja kwa programu nzima. Kila kipande kingeweza kupewa chake. Akafuta, akaandika upya, safari hii taratibu, ulimi ukiwa umechungulia pembeni ya mdomo. Joto, mashine ya nne: UNDANI. Kwingine kote: UKIMYA. Na akaongeza kwamba iandike kitu kinapobadilika tu, si kila inapopumua. Akahifadhi.

Ile dakika moja ilikuwa ndefu kuliko foleni ya benki. Halafu mistari ikapungua, ikapungua, ikakata. Mota ya mashine ya pili ikalia *grrr*, trei zikamaliza kuinama. Na kwenye skrini ukatokea mstari mmoja tu, umetulia, una nafasi yake: *Mashine ya nne. Joto 37.5. Kipasha joto kimewaka.* Baada ya dakika tatu, mwingine: *Kipasha joto kimepumzika.*

"Zimekaa sawa," alisema Bi Tochi, akifunga droo. Alimtazama Bingwa kidogo. "Umeibadilisha ikiwa inatembea?"

"Ikiwa inatembea, Bi Tochi. Haikujua hata kimeingia nini."

"Haya," alisema. "Basi usisahau kuziongezea mashine maji ya unyevu saa kumi. Ya tatu ndoo yake inavuja." Akachukua mkoba wake, akaondoka, na Bingwa akabaki na neno "kazi ya kukaa" likimzunguka masikioni kama nzi.

Siku ya pili yake Bi Tochi alikuwa nyuma kwenye karo, mikono ndani ya maji ya sabuni. Bingwa aliamua kwamba leo hatoki. Siku zote saa nane kasoro robo alikwenda kula mgahawa wa jirani, lakini leo aliagiza chakula kikaletwa, akala huku macho yake yamegandamana na skrini. Saa nane ikafika. Saa nane na tano. Saa nane na kumi. *Kipasha joto kimewaka. Kipasha joto kimepumzika.* Joto likasimama pale pale, thelathini na saba na nusu, kama askari wa gwaride.

Shangazi alikuja saa tisa, akasoma mistari yote kwa kidole. "Umeona?" alisema. "Leo hayupo, leo halikushuka. Ulisema kweli, ni mlango."

Bingwa alipaswa kufurahi. Programu yake imesafishwa mbele ya mwenye nyumba, tena kwa maandishi. Lakini dirishani aliweza kumwona Bi Tochi anasugua trei, akiinua kila moja na kuielekeza kwenye mwanga kuangalia kama ina ufa, kwa mazoea tu, hakuna aliyemwambia. Bingwa akalipa dirisha kisogo. "Tusubiri na kesho, Shangazi," alisema. "Siku moja si ushahidi."

"Kesho tu," alisema shangazi. "Kesho kutwa nitatafuta mtu."

Siku iliyofuata Bingwa alipima mambo yote. Logi iko wazi, inaandika yenyewe, haihitaji kukodolewa macho. Yeye ana njaa ya kweli, si ile ya chakula cha kuletewa kimepoa. Na pale mgahawani, kwa wiki hiyo yote, alikuwa amepata meza ya kukaa na dada mmoja mshonaji wa sare za shule, ambaye alikuwa na kicheko cha kukufanya usimulie jambo mara mbili. Jana hakumwona. Kwa hiyo saa nane kasoro robo akavaa viatu, akatoka.

"Jana ulitukimbia," alisema mshonaji, akimsogezea kiti. "Nikadhani vifaranga wamekuteka."

"Nilikuwa na upasuaji," alisema Bingwa. "Programu nzima nimeibadilisha ikiwa inatembea. Hata haikushtuka."

"Muongo wewe. Hebu nionyeshe tena ile ya kuzima."

Hapo Bingwa hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akatoa simu, akaifuta kwenye suruali, akafungua ukurasa wenye vitufe viwili, kimoja chekundu, kimoja kijani. "Tazama. Niko hapa nakula, mashine ziko kule. Nikibonyeza hiki, joto kwisha." Akabonyeza, kwa madaha, kidole cha mwisho kimenyanyuka. "Nikibonyeza hiki, joto limerudi."

"Na mayai hayafi?"

"Dada yangu, hii ni mashine ya mazoezi. Haipo. Ni ya kwenye programu tu, ya kujifunzia. Mayai ya kweli nayachezea mimi?"

Mshonaji akacheka kile kicheko chake. Chakula kikaja. Bingwa akala, akasimulia upasuaji wake tangu mwanzo, akaongeza mashine tatu zilizokwama badala ya moja, na zilipopita yapata dakika kumi na mbili, akiwa anafuta mdomo, akakumbuka kitufe cha kijani, akakibonyeza.

Alirudi akipiga mluzi. Mlangoni akakutana na shangazi, na nyuma ya shangazi Bi Tochi, mikono bado ina povu.

"Limeshuka!" alisema shangazi. "Nimeliona mwenyewe kwa macho yangu, kwenye kile kipimajoto cha Dada, thelathini na sita! Na Dada nilikuwa naye kwenye karo toka saa saba, hakunyanyua hata mguu. Mlango hakuna aliyeugusa!" Akamgeukia Bi Tochi, na sauti ikapoa. "Dada, nisamehe. Mdomo wangu ulitangulia."

"Tuyatazame mayai kwanza," alisema Bi Tochi. Tayari alikuwa anajifuta mikono, tayari miwani iko usoni. Akafungua droo, akachukua tochi ndogo, akazima taa. Akatoa yai moja kutoka trei ya juu, moja ya katikati, moja ya chini, mengine mawili kutoka pembeni. Shangazi alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Bi Tochi akaweka yai la kwanza juu ya mwanga, na ndani yake, katika ule wekundu, kivuli kikajikunja na kupiga teke.

"Huyu yuko macho," alisema. La pili. "Huyu naye." La tatu, la nne. Kwenye la tano alichelewa, akaligeuza, akalisogeza karibu na pua. "Huyu alikuwa amelala. Nimemwamsha, kanuna." Akawasha taa. "Dakika zile hazijawaua. Watachelewa kutoka labda nusu siku. Lakini isirudiwe tena, maana sasa wamekaribia."

Shangazi akashusha pumzi iliyotosha kupuliza moto wa jiko. Akacheka, akampiga Bi Tochi begani, akasema chumba hiki kisiguswe na mtu mwingine, na trei ataosha yeye mwenyewe. Wote wawili walikuwa wanacheka. Bingwa pia alicheka, akakaa kwenye kiti chake kusoma logi, moyo mweupe kabisa, kwa sababu sasa anamsaka adui wa kweli: labda waya, labda feni, labda fundi umeme aliyeunganisha mashine hiyo kwa haraka. Shangazi akatoka kidogo kuwapigia simu akina mama wa kikundi, awaambie wasubiri nusu siku.

Bingwa akasoma, midomo ikicheza.

*Saa 8:04. Mashine ya nne. Nimezima kipasha joto. Nimeamriwa na simu ya Bingwa.*

Akasoma tena. Akasogeza uso karibu na skrini, kana kwamba herufi zingebadilika zikitishwa.

*Saa 8:09. Joto 36.6. Ninasubiri amri.*

*Saa 8:12. Joto 36.0. Bado ninasubiri amri.*

*Saa 8:16. Nimewasha kipasha joto. Nimeamriwa na simu ya Bingwa. Asante, Bingwa.*

Ikamjia yote kwa mkupuo. Alipoandika programu kulikuwa na mashine tatu tu. Ya nne aliibuni yeye, ya mazoezi, isiyokuwepo. Kisha shangazi akanunua mashine mpya, fundi umeme akaiunganisha kwenye tundu pekee lililobaki la ile kompyuta, tundu namba nne, na Bingwa akaenda kwenye programu akafuta jina "Mazoezi" akaandika "Nne," akajipongeza kwa kumaliza kazi dakika mbili. Kwenye simu hakugusa kitu. Kwa hiyo kila alipomwonyesha yule dada jinsi anavyozima mashine isiyokuwepo, alikuwa anazima mashine iliyopo, yenye mayai elfu tatu, huku akitafuna. Na jana halikushuka kwa sababu jana hakwenda kujisifu.

Masikio yakamwaka moto. Kitu cha kwanza, na hiki tumpe haki yake, alifuta ule ukurasa kwenye simu, vitufe vyote viwili, akahakikisha mara tatu kwamba umefutika. Kitu cha pili hakina haki yoyote. Aliingia kwenye faili la mipangilio na pale kwenye joto la mashine ya nne akaandika UKIMYA. Akahifadhi. Baada ya dakika moja programu ikafunga mdomo, bila kusimama, bila kushtuka. Akatembeza skrini mpaka mistari ikapotea juu, akaacha namba za kijani peke yake.

Shangazi akarudi, simu bado mkononi, uso unang'aa. "Wamekubali. Wanasema nusu siku si kitu. Haya, mwanangu, niambie. Ni nini?"

Bingwa akaegemea kiti. Akakuna kidevu kwa namna ya wataalamu.

"Shangazi, ni mawimbi."

"Mawimbi?"

"Ya hewani. Wakati wa mchana watu wengi wanatumia mitandao, sasa yanapishana, yanagongana, mengine yanaingia kwenye mashine. Ni jambo la kitaalamu kidogo, hata kulieleza si rahisi. Nimelifukuza. Halitarudi."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nimelifungia nje, programu ikiwa inatembea."

"Na hayo mawimbi," shangazi akauliza kwa heshima, "yalikuwa yanatoka wapi?"

"Ah, hayo ni vigumu kujua. Yanatoka popote tu. Hayana mwenyewe."

"Yana adabu lakini," ikasema sauti nyuma ya kiti.

Bingwa hakugeuka haraka. Aligeuka kidogo kidogo, shingo kwanza, mwili ukibembelezwa kufuata. Bi Tochi alikuwa amesimama pale, nusu hatua kutoka begani kwake, trei ya mayai matano mikononi, miwani usoni, na pembeni ya mdomo kicheko kinachopigwa breki.

"Bi Tochi," alisema Bingwa, "wewe si ulikwenda kurudisha mayai?"

"Nilikuwa nakwenda. Nikakuona unasoma huku midomo inacheza, nikasema hebu nami nisome na mwanangu." Akamgeukia shangazi. "Mawimbi yenyewe yanaondoka saa nane na dakika nne, yanarudi saa nane na kumi na sita. Na yakimaliza, yanasema asante, tena kwa kumtaja mtu jina."

"Jina la nani?" akauliza shangazi.

Bi Tochi alimtazama Bingwa tu, akisubiri, kama anavyosubiri yai lipige teke.